Mwaka Nilioisoma Kanzu

Bi Mize tulimsomea khitma Ijumaa iliyopita, nyumbani kwake Tibirinzi, Chake Chake, katika chumba cha mbele alichokifanyia kazi maisha yake yote. Wamekibadilisha. Sakafu ya udongo imekuwa ya saruji, dirisha limetiwa nondo, na pale alipokuwa akitandika mkeka wa kukatia nguo pamewekwa kabati la vyombo. Juzuu zilipokwisha kukusanywa na halua ikaanza kupitishwa, nilisikia wajukuu zake wawili wakinong'onezana nyuma yangu. Mmoja alisema ati marehemu alikuwa akimkatia kanzu mwanamume asiyepata kumwona, bila chaki wala karatasi. Mwenzake akamjibu, "Maneno ya matangani hayo. Ntu akishakufa kila ntu humpa utaalamu." Ilinijia nigeuke niwaambie kwamba ni kweli, na kwamba utaalamu ule nilifunzwa mimi pia, humu humu, kwa taabu na kwa aibu. Sikugeuka. Halua ilikuwa imenifikia, na jambo lenyewe halielezeki kwa kutafuna. Ndiyo maana naliandika.

Sitaanza na nasaba yangu wala utoto wangu. Mwaka ninaoukusudia ni mmoja, wa mwishoni mwa miaka ya hamsini, ulioanza kwangu Mfunguo Mosi, mara baada ya Ramadhani, na kwisha siku ya Idd iliyofuata. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nimeachika, nami nimekuja Chake Chake kutoka kwetu Micheweni, kaskazini ya Pemba, kwa ruhusa ya kaka yangu, Kombo. Ruhusa yenyewe ilikuwa na mpaka, na aliutaja mbele ya Bi Mize siku aliyonileta, akiwa bado hajakaa vizuri: "Mwaka mmoja, Asha. Ukipata kazi ya mkono ya kukuweka mjini, kaa. Usipopata, Idd nakuja kukuchukua, na safari hii utaolewa na ntu nitakayemchagua mimi." Bi Mize alikuwa akimtilia chai. Akamwambia, "Kunywa kwanza, baba. Mwaka haujaanza hata kuzaa mwezi." Kombo alicheka, lakini hakuyarudisha maneno yake.

Bi Mize alikuwa mjane wa makamo, mfupi, mwenye sauti ndogo. Alishona kanzu za kiume, kazi ambayo mjini hapo wengi walioifanya walikuwa wanaume. Wao walikaa barazani na kumpima mteja kwa utepe. Mwanamke hakuweza kumzungushia utepe mwanamume asiye wake. Kwa hiyo vipimo vilimfikia Bi Mize kwenye uzi. Mama, dada au mke wa mwenye nguo alikuja na uzi wenye mafundo matatu: fundo la kwanza upana wa mabega, la pili urefu wa mkono, la tatu kutoka begani hadi kifundo cha mguu. Hayo tu. Kitambaa kilitoka dukani kwa Bwana Nurali, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa akimletea kazi, na kikikosewa hakikuwa na badala. Hapakuwa na nafasi ya kujaribu. Ilimbidi amwone mtu mzima mzima katika nafsi yake, ndipo amkatie.

Njia yake ya kumwona aliiita kuisoma kanzu, na alinifundisha kama tulivyofundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Asubuhi, baada ya kufagia na kunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha, alinikalisha mkekani mbele yake, macho nimefumba, mikono juu ya mapaja, nimsomee kanzu yote kwa sauti tangu kitambaa kinapokunjwa hadi uzi wa mwisho wa pindo. Nilipaswa kutaja badani, yaani kipande cha mbele na cha nyuma, mikono, taharizi, vile vipande virefu vya ubavuni vinavyoipa kanzu upana, na kikwapa, kipande kidogo cha pembe nne kinachoingia chini ya kwapa. Lakini hakutaka orodha. Alitaka nione. Nikisema "nakata" aliuliza, "Nkono wako wa kushoto uko wapi?" Nikisema umeshika kitambaa, aliuliza umekishika kwa vidole vingapi. Kisha alinitegea. "Kitambaa kimeteleza." Nikawaza, nikasema nimekirudisha. "Umekirudisha vipi na nguo iko kinywani mwa mkasi?" Basi nikaanza upya. Kwa miezi mitano sikuushika mkasi wenyewe. Nilikaa nimefumba macho, nje watu wa barazani wakibishana siasa za vyama mpaka kahawa ikawapoa, harufu ya karafuu zilizoanikwa ikiingia kwa dirishani, nami nikikata kanzu zisizokuwepo.

Nilijifunza upesi, na hapo ndipo hatari ilipokuwa. Nilikuwa na darasa nne tu za shule, lakini nilikuwa na daftari, na kila alichonitegea Bi Mize nilikiandika jioni pamoja na jibu lake. Kufika Mfunguo Sita nilikuwa naisoma kanzu bila kukwama. Ulimi ulipoizoea kazi, moyo ukapata wasaa wa kutembea. Nilianza kuona kitu kingine nyuma ya kope zangu. Nilijiona mimi mwenyewe, nimekaa dirishani penye cherehani, watu wanapiga hodi na kuuliza, "Fundi Asha yupo?" Nilimwona Kombo amesimama mlangoni, anageuka kurudi Micheweni peke yake. Nilimwona bwana harusi fulani, mrefu, amevaa kanzu niliyoishona mimi, imemkaa kama maji, watu wanageuka kumtazama. Nilikuwa nikiyaona hayo huku kinywa kikiendelea na taharizi na vikwapa. Siku moja Bi Mize aliniuliza, "Unacheka na nani?" Nikasema sicheki. "Basi yupo anayekuchekesha," akasema, na akaliacha hapo.

Siku hizi nasikia vijana wakishauriwa wafumbe macho wajione wamekwisha kufika wanakotaka kufika. Nimesoma maneno kama hayo hata katika vitabu, vingine nikivisoma kwa kamusi mkononi. Sina ugomvi nayo. Bila ile picha ya dirisha na cherehani pengine ningerudi Micheweni kabla ya mwaka kwisha, maana kazi ya kukaa kimya ni nzito kuliko ya kupasua mawe. Lakini nimejipima mwenyewe na nimeona jambo moja kwa uhakika: picha ile ilinishibisha kabla sijapika. Kila nilipotoka humo nilikuwa nimeridhika, na aliyeridhika hatazami uzi. Sikulijua hilo mwaka ule mpaka ilipofika Rajabu, msimu wa harusi, Bi Raya akaja na uzi wake wenye mafundo matatu.

Bi Raya alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke mnene, mchangamfu, ambaye ulimi wake ulijulikana mtaa mzima. Mwanawe Faki, aliyekuwa akifanya kazi Wete, alikuwa anaoa. Bi Mize alishikwa na homa wiki hiyo, akaniambia, "Ikate wewe. Nisomee kwanza." Nikamsomea, sikukosa hata neno. Kumbe niliyekuwa nikimwona alikuwa yule bwana harusi wangu mrefu, amesimama. Dukani kwa Bwana Nurali nilikuwa nimeona kanzu iliyoletwa kutoka ng'ambo, nyembamba ubavuni, nikaitamani. Basi nilipofika kwenye taharizi nilizipunguza vidole viwili kila upande, na kikwapa nikakifanya kidogo, ili kanzu ishuke bila mikunjo. Bi Mize sikumwambia. Aliipokea ikiwa imekwisha, akaipapasa, mikono yake bado ina joto la homa, akasema imeshonwa vizuri. Ilikuwa imeshonwa vizuri. Ilikuwa imekatwa vibaya.

Nikahi ilifungwa msikitini baada ya sala ya alasiri. Mimi nilikuwa uani kwa Bi Raya pamoja na wanawake wengine, tumezunguka masufuria ya pilau, tumejifunga kanga kiunoni, moshi unatutoa machozi. Dada yake bwana harusi akaingia mbio, mkono umeziba kinywa. Tulidhani ameleta habari kwamba mambo yametimia, tukawa tayari kupiga vigelegele. Akasema, "Imepasuka!"

"Imepasuka nini?"

"Kanzu. Kasujudu, kwapa la kulia likalia paa! Safu nzima wamesikia. Kamaliza sala viwiko kavigandisha mbavuni kama kuku. Kisha akaambiwa atoe nkono kwa mkwewe aozeshwe, akautoa, nanyi mnajua tena! Mjomba kamvisha joho lake."

Walicheka mpaka mwiko ukaanguka. Mmoja akasema, "Mpelekeeni salamu bwana harusi, asipige chafya." Mwingine akasema asile pilau, isije ikafumuka hadi pindoni. "Hiyo kanzu ya kusimamia," akaongeza wa tatu, "ntu akitaka kusali aivue kwanza." Nilikuwa nimeshika kifuniko cha sufuria na sikujua pa kukiweka. Bi Raya hakuwa akicheka. Alinijia taratibu, akasimama mbele yangu, na kwa sauti ambayo wote waliisikia akasema, "Asha, wewe mwanangu umemshonea kanzu au sanda? Maana avaaye asosujudu ni maiti." Mwiko ukaokotwa mchangani. "Astaghfirullahi, Bi Raya," akasema mama mmoja, "leo harusi!" Bi Raya akageuka akaenda zake chumbani, nami nikakiweka kifuniko chini, kwenye mchanga, nikatoka.

Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, na nimekosea mambo makubwa zaidi, lakini bado sijaona kosa lililofanana na lile. Mimi niliyesali mara tano kila siku, niliyehisi kila siku nguo ikinivuta mgongoni ninapoinama, nilimkatia mtu nguo kana kwamba hana magoti. Bwana Nurali alituma mtu kuja kuchukua vitambaa viwili alivyokuwa ameniachia. Alikuja mwenyewe kesho yake kuomba radhi kwa Bi Mize, mtu mwungwana, akasimama mlangoni akisema, "Wewe nakuamini, Bi Mize. Dada huyu bado. Watu wanacheka mpaka dukani kwangu." Habari zilifika Micheweni kabla ya mwezi kuandama. Kombo alimtuma mpita njia aniambie nifunge vitu vyangu mapema, asije akanisubiri siku ya Idd.

Bi Mize hakunigombeza. Alingoja mpaka tulipomaliza Shaabani na kuanza kufunga, kisha siku moja baada ya sala ya adhuhuri akanikalisha mkekani kama zamani. "Fumba macho. Ile kanzu ya Faki. Ulipoikata, ulimwona yeye?"

"Nilimwona."

"Anafanya nini?"

Nilikuwa na jibu moja tu. "Amesimama."

"Tangu alfajiri hadi isha? Hakai? Hali? Hapandi gari? Hamwagii ntoto maji?" Nikasikia akivuta pumzi. "Na wewe ulikuwa wapi, umekaa upande gani unamtazama?" Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa dirishani, kwenye cherehani yangu, na watu walikuwa wakiniita fundi. Nilidhani atacheka. Hakucheka. "Mimi nami nilijiona hivyo," akasema, "nilipokuwa msichana. Ukijiona, jione ukiwa na kazi nkononi. Usijione umemaliza kazi. Aliyemaliza hana la kukufunza." Ni maneno machache, lakini niliyaandika kwenye daftari kabla ya futari, na mengi niliyoyafanya baadaye, pamoja na kusoma peke yangu mpaka nikaweza kuandika haya, yalitoka humo.

Mwezi ule wa Ramadhani nilianza upya. Picha ya dirisha ilikuja kila nilipofumba macho, maana ilikuwa imezoea. Sikupigana nayo, niliiacha ipite kisha nikamwita mtu wangu, nikamwamsha kabla ya alfajiri, nikamtembeza siku nzima ndani ya kanzu. Alipandisha mikono kutawadha, nikatazama nguo inavuta wapi. Alirukuu, alisujudu, alikaa baina ya sijda mbili, alinyoosha mkono kwenye sinia, aliinama kuvaa viatu. Nilipokuwa nikisali mimi mwenyewe nilijikuta napima mvuto wa nguo yangu begani, nikaomba msamaha na kuanza sala tena. Nilijionesha pia mambo yaliyonitisha: mkasi unakwenda upande, mkono unatetemeka, Bi Raya yuko mlangoni. Kwa kila moja nilitafuta nitakalofanya, nikalifanya moyoni mpaka likawa la kawaida. Mkono ukitetemeka, naweka mkasi chini, nasimama, nakwenda kupeta mchele wa futari, narudi. Sikuwa na kitambaa hata kimoja cha kukata. Jioni tulikula uji na muhogo wa nazi, tukaongea mengine, na kila siku ikipita Idd ilikuwa karibu zaidi.

Siku kumi kabla ya Idd, asubuhi, nikasikia hodi ninayoijua. Bi Raya aliingia na kitambaa cheupe kwapani, akakitupa mkekani bila kukaa. "Ishone tena," akasema.

Bi Mize akauliza, "Unampa nani, Bi Raya? Mimi au huyu?"

"Huyu. Mwanangu wanamwita Kanzu ya Kusimamia, unajua hilo? Mpaka Wete. Nikimpelekea fundi mwingine watasema, naam, kaogopa. Nataka avae ya nkono ule ule, asali mbele yao, wanyamaze." Akanigeukia. "Na ikipasuka Idd, mimi sisemi kitu. Utanisikia nalia tu."

Bi Raya wa mlangoni nilikuwa nimemfanyia mazoezi. Nikamwomba akae. Akakaa. Nikamuuliza, "Bi Raya, Faki husujudu vipi?"

"Kama Waislamu! Kwani wewe wamwona nani?"

"Mikono yake, nauliza. Huiweka karibu na mbavu au mbali?"

Akafungua kinywa kunijibu kwa hasira, kisha akasita. Nikaona anamtazama mwanawe kichwani mwake, pengine kwa mara ya kwanza. "He," akasema polepole, "huipanua. Hupanua kama aogeleaye. Wenziwe safuni humlalamikia ati awapiga viwiko." Bi Mize alikuwa na tasbihi mkononi, ikasimama. Nikauliza akikaa hukalia mguu upi, akicheka hurusha mikono, akila huinama au huinua tonge. Bi Raya alijibu yote, na alipoondoka alikuwa akicheka peke yake njiani.

Niliikata kesho yake jua lilipokuwa limeingia vizuri chumbani. Nilisoma kwanza, kwa sauti, na Bi Mize akanitegea mara tatu. Mara ya tatu alisema, "Kitambaa hakikutosha taharizi," nikamjibu kwamba nitapunguza upana wa pindo, sitagusa ubavu. Akasema, "Kata." Vikwapa nilivifanya vikubwa kuliko nilivyowahi kuona, kwa mtu anayeogelea katika sala. Mkono ulitetemeka mara moja. Nikaweka mkasi, nikaenda kupeta mchele, nikarudi.

Siku ya Idd Kombo alifika mapema, amevaa koti lake juu ya kanzu, akaweka barazani kikapu kitupu cha kutilia vitu vyangu, akaenda uwanjani kusali. Takbiri zilisikika kutoka uwanjani, kisha zikanyamaza, na nikajua wameingia katika sala. Nilikuwa nikipika tambi. Nilimwona Faki akirukuu. Nilimwona akishuka, viwiko vinapanuka, kikwapa kinafunguka, taharizi inaachia. Nikakoroga. Nilimwona akinyanyuka, akishuka tena. Hapo nikasikia watu wanarudi, na sauti ya Bi Raya mbele yao wote.

Aliingia amemshika mwanawe mkono kama mtoto mdogo. Faki alisimama mlangoni, kijana mfupi, si mrefu hata kidogo, madoa mawili ya vumbi ya mviringo magotini, akaona haya. "Inua," mama yake akamwamrisha. Akainua mikono yote miwili juu. Bi Raya akapitisha kidole kwapani, kulia kisha kushoto, akaikagua mishono kama anayetafuta kiroboto. "Kasali," akasema, "kakumbatiana na uwanja mzima, kamnyanyua hata mzee Shaame na unene wake wote. Uzi mmoja haukutoka."

Kombo alikuwa amerudi, amesimama barazani na kikapu chake. "Basi, Asha," akasema, "umemaliza vizuri, nashukuru. Twende?"

"Aende wapi?" Bi Raya akamgeukia. "Hebu kaa, baba, ule tambi." Akatoa ndani ya buibui lake kitambaa kingine, kimekunjwa, na juu yake uzi wenye mafundo matatu. "Hiki cha baba yake Faki. Alikuwa hataki, sasa ataka." Kombo akakitazama kitambaa, akamtazama Bi Mize, ambaye alikuwa akipakua tambi na hakuinua kichwa. Kisha akakiweka kikapu chini, akavua koti, akakaa.

Nikaupokea uzi, nikahesabu mafundo. Halafu nikafumba macho nikamuuliza Bi Raya, "Mzee akila, hukaaje?"